Maiti Katika Chemchemi ya Namedi

Mkono ulitokea kwanza. Wanawake wa Kitangari walikuwa wameinama kuteka maji walipouona ukielea, mweupe kama muhogo uliolowekwa. Mmoja alikuwa ameshakunywa kata nzima.

Siku tisa walikuwa wakiyanywa maji hayo. Siku tisa walikuwa wakizika watoto.

Shaushi Sadallah, sajini wa polisi katika boma la Newala, alifika kesho yake saa nne asubuhi na askari wawili. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka mmoja baada ya vita vya Maji Maji. Mashamba yalikuwa yamechomwa, watu walikuwa wakila ming'oko, viazi vya porini, na chemchemi ya Namedi, chini kabisa ya mteremko wa uwanda, ndiyo iliyokuwa maji ya kijiji kizima.

Maiti iliopolewa kwa kamba na kulazwa mchangani. Ilikuwa imevimba, na ngozi ya viganja imechomoka.

"Mnamjua?" Sadallah aliuliza.

"Nurdini," akajibu Jumbe Mahmudu, huku kafunika pua kwa ncha ya kilemba. "Mlinzi wa maji. Tulidhani katorokea Masasi."

"Kazi yake ilikuwa nini hasa?"

"Kulinda. Watu wasifue humu, wasiingize miguu, kila nyumba mtungi mmoja kwa siku. Mimi ndiye niliyemweka."

Sadallah alichuchumaa. Nyuma ya sikio la kulia fuvu lilikuwa limebonyea, upana wa mchi wa kutwangia. Magoti ya maiti yalikuwa na michubuko. Nurdini alipigwa kutoka nyuma, naye amepiga magoti ukingoni. Kiunoni alifungwa kamba ya magome, na kwenye kamba hiyo lilining'inia jiwe la kusagia. Kamba ilikuwa imeoza na kulegea. Ndiyo maana mkono ulipanda.

"Wamekufa wangapi kijijini?"

"Watoto saba. Wote kwa kuhara damu. Lakini usisumbuke, Shaushi. Mwuaji tunaye."

Mwuaji huyo alikuwa amefungwa kwenye nguzo mbele ya baraza la jumbe. Aliitwa Dadi, na mwaka uliopita alipigana upande wa waasi. Mgongo wake ulikuwa umechanika kwa viboko, na nzi walikuwa wamejaa. Mchanga chini yake ulilowa damu, na damu hiyo haikutoka mgongoni.

"Umeanza kuhara lini?" Sadallah alimwuliza.

"Siku ya tano leo."

"Ulikuwa unakunywa maji gani?"

"Namedi, tangu mlinzi atoweke. Yako mengine?"

Sadallah alisimama. "Mfungueni."

"Ni mwasi," Jumbe alisema.

"Ni mgonjwa. Mtu aliyetia maiti majini hawezi kuyanywa maji hayo siku tisa. Mfungueni, mchemshieni maji, mtieni chumvi kidogo."

Walimfungua. Maji hayakuwahi kuchemka. Dadi alikata roho kabla ya adhuhuri, kichwa chake kikiwa juu ya buti la askari.

Sadallah aliamuru chemchemi ikombwe mpaka kwenye mchanga, matope yatupwe mbali, na mtu asinywe tone lisilochemshwa. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akiuliza jambo moja tu: nani hakuugua humu?

Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa au kaburi. Nyumba mbili tu hazikuwa na kitu. Ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja aliyekaa mwisho wa kijiji, naye hakuwepo; alikuwa amekwenda kutafuta maji. Ya pili ilikuwa ya Fatu, mwanamke mwenye watoto wanne, wote wakicheza uani na afya zao.

"Shikamoo, Bwana Shaushi," Fatu alisema. Hakunyanyua macho.

"Marahaba, mama. Watoto wako wazima?"

"Wazima, kwa uwezo wa Mungu."

"Wanakunywa maji ya wapi?"

"Ya mtoni. Bondeni."

"Huko ni kwenda alfajiri na kurudi mchana. Namedi ni karibu. Kwa nini bondeni?"

"Nilipenda tu."

"Tangu lini ulipenda?"

Sadallah alimwita askari, na lile jiwe la kusagia likawekwa mbele ya mlango.

"Mimi ni mtu wa Masasi," alisema. "Kwetu kuna milima ya mawe kama haya. Juu ya uwanda huu kuna mchanga mtupu. Jiwe hili limeletwa. Nani hapa kijijini kaolewa kutoka Masasi?"

Fatu aliwaita watoto waingie ndani.

"Mama, watoto saba wamekufa. Wa dada yako ni mmojawapo, nimeambiwa. Nikiondoka hapa bila jibu, nitakuchukua wewe."

"Ni la Mama Somoe," Fatu alisema. "Alikuja nalo siku ya arusi yake."

"Mama Somoe ndiye yule mjane wa mwisho wa kijiji?"

"Ndiye. Jina lake Sijaona. Alinikuta njiani akaniambia, Mama Mrisho, usiteke tena Namedi, wala watoto wako wasionje. Sikumwuliza kwa nini."

"Ulipoona watoto wanakufa, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, mngemnyonga. Nilidhani maji yatajisafisha yenyewe." Fatu alifuta uso kwa kanga. "Kila siku nilidhani kesho yatakuwa safi."

Sadallah alitaka kuondoka, kisha akageuka. "Huyo Somoe ni nani? Sikumwona nyumbani kwao."

"Mwanawe. Alikuwa hajatimiza mwaka. Alikufa mwezi uliopita."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Kiu," Fatu alisema.

Sijaona alirudi jua likiwa limeanza kuinama, na mtungi kichwani. Aliwaona askari mlangoni, hakukimbia. Aliutua mtungi taratibu asimwage. Jumbe Mahmudu naye alikuja, na nyuma yake nusu ya kijiji.

"Jiwe hili ni lako?" Sadallah aliuliza.

"Langu."

"Ulilibeba kutoka hapa mpaka Namedi?"

"Kichwani, juu ya ngata. Watu walidhani nakwenda kuliosha."

"Nurdini ulimpigaje?"

"Kwa mchi. Nilimwomba anitekee maji. Nilimwambia kwamba mume wangu karudi, nitamtoa, basi anipe maji. Alifurahi. Akapiga magoti kuteka."

"Mumeo yuko wapi?"

"Alikufa vitani, huko porini. Sijui hata mifupa iko wapi. Nurdini aliambiwa hivyo mara kumi. Alisema amri ni amri. Nyumba ya mwasi haipewi maji mpaka mwasi atolewe."

Sadallah alimgeukia Jumbe. "Amri hiyo ni ya nani?"

Jumbe aliangalia pembeni. "Ilikuwa wakati wa vita."

"Vita vilikwisha," Sijaona alisema. "Mwanangu alikuwa na homa. Nilisimama pale kwenye boma la miiba la chemchemi siku mbili, naye mgongoni. Walikuja wote, wakateka, wakapita. Huyu. Na huyu. Na yule pale." Alikuwa akiwaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, bila haraka. "Mama Mrisho peke yake ndiye aliyenimiminia nusu kibuyu, kwa kujificha. Kilipokwisha nilimlaza mtoto ndani, nikaenda mtoni mbio. Niliporudi na maji, midomo yake ilikuwa imekauka, na sisimizi wameshafika."



"La Nurdini nimelielewa," Sadallah alisema. "Lakini kwa nini umtie majini? Ungemwacha ukingoni."

"Nurdini nilimwua kwa ajili ya Somoe. Majini nilimtia kwa ajili yao. Walimpenda mlinzi wao. Nikawapa wamnywe."

Mwanamke mmoja aliyezika watoto wawili alimrukia, akamng'ata bega. Askari wakamvuta.

"Watoto saba," Sadallah alisema.

"Wanane. Wangu alikuwa wa kwanza, hamkumhesabu." Aliinamisha kichwa. "Kila siku nilisikia kilio, nikakaa ndani nikisubiri moyo wangu utulie. Haukutulia. Nikasubiri kilio kingine."

Alifungwa pingu.

Walipokuwa wakiondoka, Sadallah alisikia vyungu vikipasuka nyuma yake. Dada yake Fatu alikuwa ameingia uani kwa Fatu na mchi mkononi, na wanawake wengine wakamfuata. Sadallah alimrudisha askari mmoja. Fatu alipatikana hai. Mtungi wa maji ya mtoni haukusalimika.

Kule Newala Sadallah aliandika taarifa ndefu. Mwishoni aliomba Jumbe Mahmudu akamatwe, kwa kunyima maji nyumba ya mjane mpaka mtoto akafa. Afisa wa Kijerumani aliisoma kwa msaada wa mkalimani, akaegemea kiti chake.

"Jumbe alifanya kosa gani? Amri ya kuwanyima waasi maji ilitoka hapa bomani. Nilitia sahihi mimi."

Sadallah alipiga saluti, akatoka.

Sijaona alihukumiwa kunyongwa siku ya Alhamisi. Asubuhi hiyo Sadallah aliingia kwenye chumba chake na kumwuliza kama ana haja yoyote.

"Nataka kujua jambo moja. Watu wa Kitangari wanateka wapi siku hizi?"

"Namedi. Hawana pengine karibu. Chemchemi imekombwa, wakaweka miiba mipya."

"Maji yana mlinzi?"

"Jumbe kaweka mwingine."

"Nyumba zote zinapewa?"

Jana yake Sadallah alipita pale, akamkuta mke wa marehemu Dadi amekaa nje ya miiba na mtungi mtupu.

"Siyo zote," alisema.

Sijaona aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu aliyoijua tangu zamani. Kisha akasimama mwenyewe, akatangulia mlangoni.