Maji ya Jumba la Ndugu

Kila asubuhi Nolan Vasek na Curtis Bledsoe walitoka bwenini pamoja, wakala mayai na viazi bwaloni, kisha wakakatisha uwanjani kwenda darasa la kemia. Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha Iowa. Nolan alilelewa shambani Nebraska, mahali ambapo jirani wa karibu huonekana kwa taa yake tu usiku. Chuoni alikuta maelfu ya watu, na bado akawa mpweke. Curtis, waliyelala naye chumba kimoja, ndiye rafiki pekee aliyempata.

Kwa hiyo jumba moja la udugu lilipowaalika wote wawili wajiunge, Nolan alifurahi. Wanachama waliishi humo pamoja, wakiitana ndugu, wakisaidiana masomo, na hata baada ya kuhitimu walitafutiana kazi. Ila kabla ya kupokelewa, mgeni alikuwa mwanagenzi kwanza. Alifagia, akaosha magari ya wakubwa, na kukariri historia ya jumba.

"Unafagia kama unapapasa paka," Curtis alimtania.

"Heri mimi. Wewe mwaka wa kujengwa jumba tu unakushinda."

Ni kweli, Curtis hakuwa na kichwa cha kukariri miaka.

Jumamosi moja mchana, Brody Haskell, kijana wa mwaka wa tatu aliyewasimamia wanagenzi, aliwaita kwenye ua wa nyuma. Palikuwa na madumu ya maji yamepangwa juu ya meza.

"Leo hakuna pombe," alisema. "Hatutaki ugomvi na chuo. Ni maji tu. Nauliza swali, ukikosea unakunywa."

Wanagenzi walishusha pumzi, wakacheka. Nani aliwahi kudhurika kwa maji?

Curtis alikosea mara nyingi kuliko wote. Alikunywa mpaka akatapika, na alipotapika aliambiwa anywe tena. Baadaye alishika kichwa akasema kinamuuma. Kisha akamgeukia Nolan na kumwita kwa jina la mdogo wake aliyeko Chicago.

"Curtis, mimi ni Nolan. Twende ukalale."

"Mwache," Brody alisema. "Amelewa maji huyo." Wakubwa wakaangua kicheko.

Haukupita muda, Curtis alianguka kwenye nyasi, mikono na miguu ikitetemeka. Kicheko kikakatika. Nolan akatoa simu.

"Dogo, weka hiyo simu," Brody alisema kwa sauti ya chini. "Ukipiga, wewe na jumba hili basi. Na si wewe tu, wenzako wote watakosa kupokelewa kwa sababu yako. Atazinduka mwenyewe."

Nolan aliwatazama wenzake. Wote walikuwa wakitazama chini. Akafikiria kurudi kuwa mpweke kati ya maelfu, akairudisha simu mfukoni. Alipiga magoti akamlaza Curtis ubavu, akamwita. Curtis hakuitika. Pumzi yake ilikuwa inakoroma kama ya mtu aliyezama.

Nolan akaitoa simu tena, na safari hii akapiga namba ya dharura. Hakuna aliyemzuia. Alikimbia mwenyewe hadi barabarani kulionyesha gari la wagonjwa njia.

Hospitalini daktari alieleza kwamba maji mengi kwa mkupuo hupunguza chumvi ya damu, na ubongo huvimba. Curtis alilala siku kadhaa bila kumtambua mtu. Mama yake alikuja kutoka Chicago akakaa kando ya kitanda. Nolan alimweleza yote, kisha akaueleza uongozi wa chuo. Jumba lilifungwa, Brody akafukuzwa chuo. Baadhi ya wanagenzi wenzake walianza kupishana na Nolan bila salamu.

Siku Curtis alipoomba chakula na kulalamika kwamba supu haina ladha, mama yake alicheka mpaka akajifuta macho. Nolan alikuwa amesimama mlangoni.

"Ingia, mwanangu, ukae."

Nolan alikaa. "Mama, mimi nilichelewa. Simu niliirudisha mfukoni kwanza."

"Najua, umeshaniambia. Siku nyingine usichelewe."

Alimsogezea Curtis bakuli, kisha akaendelea. "Mimi nilipokuwa chuoni nilijiunga na jumba la akina dada. Mume wangu alipofariki, wale dada ndio walionipikia na kunilelea watoto mpaka nikasimama. Kwa hiyo siwakatazi kutafuta ndugu. Mtu anahitaji watu. Lakini ndugu hapimwi kwa mateso aliyokuvumilisha. Anayekuzuia kumwitia mwenzako daktari si ndugu yako, hata mkilala nyumba moja na kula sahani moja. Mkikutana na wa namna hiyo, ondokeni mapema, kabla hajawaomba mnyamaze."

"Tumesikia, Mama," alisema Curtis.

"Wewe kula. Nasema na nduguyo."