Mipira Iliyomponyoka Sisimizi

Kila baada ya masomo, timu ya kriketi ya wasichana ilifanya mazoezi uwanjani. Radi, mrushaji wao, alirusha mpira kwa kasi iliyowatia wapigaji kiwewe. Mdogo wake, Sisimizi, alisimama nyuma ya mpigaji. Kazi yake ilikuwa kudaka, na mwalimu wa michezo alimtaka adake mipira mia moja kila siku. Thubutu! Alidaka kumi, akapiga soga na wenzake, kisha akaenda kuripoti, "Nimemaliza, mwalimu."

Siku ya mechi walikuja wachaguzi wa timu ya wilaya kumtazama Radi. Alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima. Mpira wake wa kwanza uligusa ukingo wa gongo la mpigaji, ukamjia Sisimizi mikononi. Angeudaka, mpigaji angetoka. Ukamponyoka.

"Jua limeniingia machoni," alisema.

"Haya, jikaze mdogo wangu," Radi alijibu akihema.

Sisimizi akaangusha na mpira wa pili. Akaangusha na wa tatu, lo! Sasa Radi hakutaka tena kumtegemea mtu. Aliamua kuviangusha mwenyewe vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, maana navyo vikianguka mpigaji hutoka. Akaongeza kasi, akajipinda kwa nguvu zake zote, mara akapiga yowe na kuanguka, ameshika kiuno.

Kwenye zahanati, daktari hakumung'unya maneno. "Mgongo umeumia vibaya. Hakuna kurusha mpira mwaka mzima."

Radi aligeukia ukutani akalia. Wote waliokuwepo, hata mwalimu, walisema ni bahati mbaya tu. Sisimizi angeweza kunyamaza yakaisha, lakini roho ilimuuma mno.

"Halikuwa jua," alisema. "Mwalimu, nilikudanganya. Mia moja sijafikisha hata siku moja. Nisamehe, dada."

Radi akasema, bado ameelekea ukutani, "Kumbe! Mimi nilidhani narusha vibaya."

Sisimizi akaangua kilio. Mwalimu akamvuta karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Dada yako alimtoa mpigaji mara tatu, wewe ukamrudisha. Ilimbidi aifanye upya kazi aliyokwisha kuimaliza, na mwili wake ukashindwa. Uvivu wako na uongo wako, yeye ndiye aliyevilipia. Kusema kweli leo hakutauponya mgongo wake. Lakini angalau sasa anajua kwamba kosa halikuwa lake."