Ndege Amekwenda

Meza ilikuwa tupu. Palikuwa na kitambaa cha plastiki, kikombe cha chai iliyopoa na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Ndege ya kivita haikuwapo.

"Mama Inspekta," alisema Salvator Bahizire, "ndege yangu haionekane."

Inspekta Jerotich alimtafsiria mwenzake, Konstebo Doyle, mzaliwa wa Penrith aliyekuwa na miaka ishirini na moja katika polisi.

"Ni ndege ya aina gani?" aliuliza Doyle, kalamu tayari.

"Ile isiyoonekana," akajibu Salvator.

Doyle aliitua kalamu. "Ndege isiyoonekana haionekani. Sasa tumejuaje kwamba imeibwa?"

Usimcheke Doyle. Hata wewe ungeuliza.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa kanisa pale St Marys, pembeni mwa Sydney. Kilichoibwa kilikuwa mfano wa ndege wa urefu wa mita moja na nusu, uliotengenezwa kwa maboksi ya ndizi, vijiti na karatasi ya foili ya kuokea kuku, kisha ukapakwa rangi ya kijivu. Salvator alikuwa ameiga ndege mpya ya kivita ya taifa moja kubwa linaloinukia, ile inayosifiwa magazetini kwamba rada haiwezi kuiona. Pale kanisani taifa lenyewe waliliita Wakubwa Wapya, na ndege yao Kivuli. Yeye Salvator hakuiamini hata kidogo.

"Kila picha wanapiga kwa mbele," alisema. "Kwa nini? Kwa sababu nyuma kunawaka moto wa injini, rada itaiona tu. Na vile vibawa vidogo vya mbele? Vinageukageuka. Rada inapenda kitu kinachogeuka. Mimi nilitumika fundi wa ndege kule kiwanja cha ndege cha Kavumu miaka kumi na ine, Mama. Hawawezi kunidanganya na picha."

Miaka kumi na minne fundi wa ndege kwao Kongo, halafu kumi na moja Sydney akipanga maboksi kwenye ghala karibu na Port Botany. Katika hiyo kumi na moja, hakuna aliyewahi kumuuliza neno lolote kuhusu injini. Sasa, kwa mara ya kwanza, ameulizwa. Kesho Jumamosi, saa nne asubuhi, wakufunzi watatu wa chuo cha ufundi wa ndege cha Wagga watakuwa mjini, wamsikilize akieleza mashaka yake juu ya Kivuli. Akifaulu, anaajiriwa mkufunzi msaidizi. Asipofaulu, Jumatatu maboksi. Ana miaka hamsini na sita, na hataitwa tena.

"Huwezi kueleza bila mfano?" aliuliza Jerotich.

"Kingereza yangu haitoshe. Nikiwa na ile ndege, ninaonyesha kwa kidole. Bila ile, nitasema 'hii' na 'ile' mpaka wachoke, na hakuna hii wala ile."

Jerotich alicheka, kisha akaona macho ya mzee yamelowa. Akaona aibu. Akaikunjua karatasi iliyokuwa mezani.

NDEGE AMEKWENDA. MUSIMUTAFUTE.

"Alama za vidole," alisema Doyle, akifungua mkoba wake.

"Nimepangusa," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Emerance, mwenye funguo za ukumbi na kiongozi wa kwaya, kitambaa bado mkononi.

"Umepangusa mahali pa tukio?" Jerotich hakuamini masikio yake.

"Polisi wanakuja, niache meza chafu? Nimepangusa na dawa. Barua nikairudisha palepale."

Doyle aliufunga mkoba.

"Salvator aliiona mara ya mwisho jana asubuhi," alisema Jerotich. "Mchana ukumbi ulikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Nilikuwa nafua mapazia."

"Uliona nani?"

"Hakuna. Nilikuwa nyuma, kwenye kamba."

"Nani alikuwa na sababu ya kuichukua?"

Emerance aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Bibi yake. Alisema achague, ile ndege ao yeye."

Kyakimwa, mke wa Salvator, aliletwa akiwa bado na sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi. Alikuwa amechoka, na hakuwa na subira.

"Ulisema achague?"

"Nilisema! Ile ndege ilikaa juu ya meza yangu miezi ine. Tulikuwa tunakula sahani iko ku magoti. Akaileta huku, nikapata meza yangu. Sasa niibe ya nini?"

"Labda hutaki kuhamia Wagga."

Kyakimwa alimkazia macho. "Mama, huyu mwanaume anaota injini. Usiku anaita vyuma majina. Mimi nikifika kazini wananisalimia, wananishukuru. Yeye ananyamaza na maboksi yake miaka kumi na moja. Kama Wagga iko na ndege, twende Wagga. Na kama ningeichukua ningeitupa ku poubelle pamoja na takataka, siyo kuandika barua." Akageuza uso ukutani akajifuta machozi kwa mkono wa sare.

Jerotich alimpa karatasi laini na kumwambia akae. Huyu hakuwa mwizi. Mwizi halii kwa hasira namna hiyo.

Mshukiwa wa tatu alijileta mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya, na kila mara hudhani ni ujanja.

Bwana Muriuki, Mkenya, alifanya kazi ofisi ya bima huko Parramatta. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama kando ya sinia la mandazi akibishana na Salvator saa mbili nzima. Salvator akisema Kivuli ni ya kupigia picha, Muriuki anasema Wakubwa Wapya hawajawahi kukosea. Watu walishazoea. Wengine walikuja ibadani kwa ajili hiyo.

"Nimesikitika sana, Inspekta," alisema Muriuki. "Lakini hiyo ndiyo Kivuli. Hata mfano wake unatoweka."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Hukutoka?"

"Nilitoka kidogo kununua sandwichi."

"Saa ngapi?"

"Saa saba hadi saa tisa."

"Saa mbili za sandwichi?"

"Foleni, Inspekta. Foleni ilikuwa mbaya."

Kisha akainama juu ya ile karatasi bila kuombwa. "Mwandishi ni Mkongo, wazi kabisa. Ona 'musimutafute'. Sisi Wakenya hatuandiki hivyo."

Kyakimwa alisimama. Doyle, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa uso ule, akasogea katikati yao.

Jerotich alikuwa anaisoma karatasi tena, safari hii mwanzo wake. Ndege amekwenda. Alimaliza shule ya msingi Kapsabet, na kuna mambo ya shule ya msingi ambayo hayamtoki mtu mwilini.

"Nina zoezi dogo," alisema. "Nyote watatu, Emerance, Mama Kyakimwa na Bwana Muriuki. Konstebo atasoma sentensi moja ya Kiingereza kuhusu ndege iliyochelewa kutua. Kila mtu aandike kwa Kiswahili."

Emerance aliandika: Ndege inachelewa kutua.

Kyakimwa aliandika: Ndege iko inachelewa kushuka.

Muriuki, kwa mwandiko mzuri wa kukolea wino, aliandika: Ndege amechelewa kutua. Akaweka nukta, akaegemea kiti, ameridhika.

"Bwana Muriuki, amechelewa nani?"

"Ndege."

"Ana manyoya?"

"Inspekta, na wewe umesoma Kenya! Ngeli ya A-WA. Ndege anaruka, ndege wanaruka. Darasa la sita niliandika 'ndege inaimba', mwalimu akanitandika mbele ya darasa lote. Toka siku hiyo sijakosea."

"Ndege anayeimba ni A-WA," alisema Jerotich polepole. "Ndege inayobeba mabomu ni I-ZI."

Muriuki aliiangalia karatasi yake.

"Hata zile za abiria?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata za abiria."

"Miaka thelathini na minane..."

"Pole sana."

Jerotich aliziweka karatasi mbili pamoja, ile ya mwizi na ile ya Muriuki. "Wakongo wa hapa huipa ndege 'i' siku zote. Hata mume akilala, wanasema iko analala. Huwezi kumpata Mkongo anayeiheshimu ndege ya maboksi kwa kuiita 'a'. Uliweka 'musimutafute' ili tuwashuku wao. Lakini sentensi ya kwanza iliandikwa na fimbo ya mwalimu wako. Ndege iko wapi?"

Muriuki alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Bafuni kwangu," alisema.

Waliikuta imelala kwenye beseni la kuogea, pazia limefungwa. Mkia ulikuwa umevunjika, umefungwa kwa bendeji ya kidole. Salvator alipiga magoti kando ya beseni, akaugusa ule mkia bila kusema lolote. Jerotich alitoa daftari na kumkumbusha Muriuki haki zake. Muriuki alisema hana haja nazo, aandike tu.

"Eleza."

"Nilitaka kuthibitisha. Ofisini kuna mlango wa kioo unaojifungua ukikuona. Nikasema, kama umbo la Kivuli ni kweli la kukwepa rada, mlango hautafunguka. Nikaiazima..."

"Ukaiiba."

"Nikaiiba. Nikaiweka kwenye toroli, nikaisukuma polepole kuelekea mlangoni."

"Na mlango?"

"Ukafunguka."

"Bwana Muriuki, mlango ulikuona wewe."

"Nilijikunja nyuma ya toroli!"

"Toroli ya chuma?"

Muriuki alifikiri. "Aisee," alisema. "Kisha nikasimama nikishangaa, mlango ukajifunga juu ya mkia."

Doyle alipotafsiriwa maneno hayo, alitoka nje kwa muda. Walimsikia akikohoa kwenye ngazi.

"Kilichobaki ni kimoja," alisema Jerotich. "Mkia ungeweza kugundishwa. Kwa nini hukuirudisha? Unajua kesho ni siku gani kwa mtu huyu."

"Najua."

"Na ukaandika barua ili waniangalie mimi vibaya!" Kyakimwa alifoka kutoka mlangoni. "Kila Jumapili unakula mandazi zangu, Muriuki! Zangu!"

"Nisamehe, Mama. Kwa hilo sina la kujitetea." Alikaa ukingoni mwa beseni. Alionekana mdogo ghafla, na mzee pia. "Sikuirudisha kwa sababu akifaulu anahama. Wagga ni mwendo wa saa tano. Nimewaza, Jumapili nitabishana na nani? Ofisini Jumatatu hadi Ijumaa wananiuliza habari za wikendi na hawasubiri jibu. Mke wangu alishafariki. Watoto wako Perth, wananijibu kwa Kiingereza. Katika nchi hii nzima, mtu anayenisikiliza mpaka mwisho ni huyu. Ananisikiliza ili anipinge, sawa, lakini anasikiliza. Kuna siku ananiita mjinga, na mimi narudi nyumbani nimefurahi."

Bomba lilikuwa linadondosha maji, na Jerotich alilikaza.

"Wewe ni mujinga," alisema Salvator mwishowe.

"Najua."

"Mujinga kabisa. Miaka kumi na moja sikuulizwa kitu, na siku nimeulizwa, unanifanyia hivi. Ningelikuwa kijana ningekupiga."

"Tumkamate?" Doyle alimnong'oneza Jerotich.

Salvator alielewa. "Jumatatu nitaamua kama nashitaki," alisema. "Leo ashike huu mukia, nipake gundi. Na asiongee."

Muriuki alishika mkia kwa saa moja na nusu. Aliongea mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kuhusu pembe ya mkia.

Jumamosi Jerotich hakuwa zamu, lakini alikwenda kwenye chumba cha usaili. Alikaa nyuma pamoja na Doyle, ambaye hakutaka kueleza kwa nini na yeye amekuja. Mbele walikaa wakufunzi watatu, na kati yao na Salvator ndege ilikuwa juu ya meza, mkia umeegemea kushoto kidogo.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Salvator alionyesha kwa kidole, lakini Kiingereza kilimpotea. Alisema "hii". Akasema "ile". Kyakimwa alifumba macho. Mkufunzi mkuu, mwanamke mwenye nywele za mvi, alimuuliza kwa upole, "Bwana Bahizire, utaitiliaje shaka ndege ambayo hujawahi kuiona?"

Salvator alikipeleka kidole mkiani, akakirudisha.

"Hilo ndilo swali!" Muriuki alikuwa amesimama kwenye viti vya wageni. Kiingereza chake cha ofisini kilijaa chumba. "Anaona picha tano, anakataa kazi ya mainjinia elfu tano! Ushahidi uko wapi, Bahizire?"

Mkufunzi mkuu aligeuka kumtuliza. Hakuwahi, kwa sababu Salvator alikuwa ameshaanza. Kiingereza kilimtoka chenyewe, cha ghalani, cha bandarini, kimepinda hapa na pale lakini kinakimbia. Alisema hajasema ndege ni mbovu. Amesema yeye hasaini kwamba inafaa kuruka. Fundi hasaini ndege kwa kutazama picha. Anataka kufungua kifuniko, aone injini, aguse bomba la nyuma likiwa moto, na mpaka hapo, iwe ya wakubwa wapya au wa zamani, fundi ana mashaka, na mashaka ndiyo yanayowarudisha marubani nyumbani. Muriuki akapinga. Salvator akamjibu kwa vibawa vya mbele. Muriuki akaleta rada. Salvator akaigeuza ndege, akaweka kidole nyuma, penye injini, akaeleza joto. Dakika ishirini wakufunzi walisahau kwamba wana saa.

Walitoka nje kushauriana, wakarudi upesi.

"Unaweza kuhamia Wagga mwezi wa pili?" aliuliza mwenye mvi.

Salvator aligeuka, akawaangalia watu wote mpaka akampata Muriuki, na akabaki anamtazama.

Muriuki alikuwa ameshavua miwani. Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Kubali, Salvator," alisema kwa Kiswahili. "Leo sibishi."