Kompyuta Isiyozimwa

Nilikuwepo. Nilisimama mlangoni mwa duka la mpiga chapa mwanzo hadi mwisho, na asiyeamini akamuulize Fundi Bisibisi, ambaye siku hizi hata redio haifungui mpaka nimshike bega. Macho yangu haya hayajawahi kunidanganya. Mdomo ndio sina uhakika nao.

Mambo yalianza na kitu kidogo tu. Kompyuta ya mpiga chapa ilikuwa imekufa, na Bisibisi akaing'oa mazabodi yake, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani ya kasha, ili afunge mpya. Ubao wa zamani ulipotoka tu, Kipipi, binti pekee wa mpiga chapa, aliacha kuchezea vifuniko vya chupa sakafuni, akaanza kuunguruma kooni, taratibu, sauti ileile ya feni ya kompyuta iliyochoka.

"Acha mchezo huo, mwanangu," mpiga chapa, mama yake, akamwambia.

Mtoto hakuacha.

Ubao mpya ukafungwa, mashine ikawaka, lakini kwenye skrini pakatokea maneno kwamba leseni, ile ruhusa ya kutumia programu zake, haikitambui kifaa hiki. Bisibisi akajikuna kisogo.

"Hapo nimechemka, dada. Leseni ilikuwa inakaa na ubao ule. Nilitakiwa niifunge kwanza kwenye akaunti ya mwenye mashine, ndipo ning'oe."

"Mwenye mashine ni marehemu mume wangu."

"Basi tutaingia kwa akaunti yake. Neno la siri unalo?"

Alikuwa nalo, na alitaka kujibu, ila pua ilimtangulia. Ilikuwa harufu ya lehemu inayoungua, na haikutoka mezani. Ilitoka kinywani mwa Kipipi. Akamgusa paji la uso, akaurudisha mkono kama aliyeshika pasi. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, hayapepesi.

Bibi mganga alikuwa anakaa nyuma ya duka, akaitwa. Alikuja na miwani yake ya kusomea, basi. Akamtazama mtoto, akauinua ule ubao wa zamani, akaunusa.

"Mumeo alifuga jini humu," akanong'ona. "Alimpa ruhusa ya kukaa kwenye ubao huu, naye akatulia. Nyie mmembomolea nyumba bila hata hodi. Kaingia palipokuwa karibu."

"Mrudishe kwenye ubao wake, bibi yangu. Nakuomba."

"Umeungua huu. Mpeni ruhusa kwenye mpya, kwa jina la yule aliyempa mwanzo. Ila nisikilize, mama. Usithibitishe mpaka nimtoe kwa mtoto. Nikisema 'sasa', ndipo."

Bisibisi akafungua mahali pa kueleza kwamba mashine imebadilishwa kifaa. Mpiga chapa akaandika jina la mumewe na neno la siri. Skrini ikaleta vifaa vyote ambamo leseni ile ilipata kukaa, ikauliza ni kipi inachokitumia kwa sasa. Mistari ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa kompyuta. Wa pili uliandikwa Kipipi.

"Hiyo sijaandika mimi," Bisibisi akasema kwa sauti ndogo. "Wallahi sijaiandika mimi."

Bibi akaweka kiganja kifuani mwa mtoto na kuanza kunuizia, na mngurumo ukapanda, na harufu ya lehemu ikajaa duka mpaka machozi yakatutoka, na kando ya jina la Kipipi alama ya vema ikaanza kujichora yenyewe, hafifu, ikakolea, ikafifia, ikakolea tena zaidi, huku bibi akinong'ona bado, anatoka, yuko kooni, bado kidogo, na mama anaiona alama ile inakuwa nyeusi kabisa na mwanawe anaacha kuvuta pumzi, hata akashindwa, akaidaka mausi, akabonyeza mstari wa kompyuta, akathibitisha.

"Sijasema 'sasa'," bibi akasema.

Leseni ikakubali. Mngurumo ukakatika. Kipipi akapepesa macho, akaomba maji, na mama yake akamkumbatia akilia na kucheka kwa pamoja. Bisibisi, mtu wa kazi, akazima mashine ili afunge kasha.

Mtoto akalegea mikononi mwa mama yake kama nguo iliyodondoka kambani. Hapumui.

"Washa," mama akasema. "Fundi, washa. Washa, baba, washa."

Feni ikazunguka. Kifua cha Kipipi kikainuka nayo.

Bibi akavua miwani. "Umemthibitisha akiwa nusu huku, nusu kule. Hapo mimi sina dawa."

Tangu hapo kompyuta ile haijazimwa. Mpiga chapa analala chini ya meza, mkono juu ya plagi, asije mtu akaipiga teke. Jua likizidi, anawapepea wote wawili, mashine na mtoto. Na umeme wa mtaa wetu, mnaoujua wenyewe, haujakatika hata mara moja.

Nilisema nimeona yote, na nimeyaona. Kimoja tu nimekitunga, ili nanyi mpate usingizi: hicho cha umeme.