Fimbo Kwenye Njia ya Juu

Siku hiyo walikuwa watatu: rafiki yangu mshonaji, mumewe, na mama mkwe wake mwenye fimbo. Kule ziwani mlimani kuna njia rahisi ya wazee na njia ngumu ya juu.

"Nendeni, wanangu, nitawachelewesha," mama alisema, akamvika mkamwana wake sweta lake mwenyewe. Wakamwacha kwenye benchi. Rafiki yangu alifurahi moyoni kumwacha, na hilo linamuuma mpaka leo.

Huko juu ukungu ulitanda, njia ikapotea gizani. Ndipo wakasikia fimbo mbele yao, ko, ko, ko. Wakaifuata hadi chini.

Mama alikuwa palepale benchini, akitetemeka kwa baridi.

"Mama, ulitufuata?"

"Kwa miguu ipi, mwanangu?"

Lakini fimbo yake ilijaa tope jekundu la kule juu. Sasa ni mwaka mzima imeegemezwa nyuma ya mlango wa rafiki yangu, na tope lile halijakauka.