Barua ya Kumwita Mama Yasinta

Kila asubuhi Yasinta alifika shuleni na vitu vitatu: fagio, kidumu cha maji na maneno. Fagio na kidumu aliviweka chini mlangoni mwa darasa. Maneno hakuyaweka chini hata siku moja. Aliyaanza njiani, kwenye vumbi la karakana za Kizota, akayaendeleza mstarini, akaingia nayo darasa la sita na kukaa nayo hadi kengele ya kutoka.

Tangu darasa la tatu, orodha ya wapiga kelele iliyoandikwa ubaoni ilianza na jina lake. Kiranja akimsikia tena, aliongeza alama: mara mbili, mara tatu, mara sita. Siku moja ilifika mara kumi na moja, hata mwalimu wa hisabati akashindwa kujizuia kucheka.

Mama yake hakucheka. Mama Yasinta aliuza mchicha na mlenda sokoni, na mara nne alikuwa ameletewa barua ya kuitwa shuleni. Kila mara aliacha biashara kwa jirani, akafunga khanga yake vizuri, akaenda kusimama mlangoni mwa ofisi na kusikiliza mabaya ya mwanawe. Akirudi sokoni, wenzake walimuuliza, "Umeitiwa nini tena?" Alijibu, "Mambo ya watoto tu," kisha akaendelea kupanga mafungu ya mboga akiwa ameinamisha kichwa.

Mwaka huo ulikuja na mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Ulimboka, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Wiki yake ya pili alisimama mstarini na kusema, "Shule hii inawajua wakorofi wake wote. Mimi mgeni, lakini majina yao nimeshayakariri! Ila nikiuliza nani anafanya vizuri, naona watu wanakuna vichwa. Sasa basi, kuanzia leo viranja wataandika mema. Dada mkuu Ruthu atatunza daftari. Na kila wiki nitamwandikia barua mzazi mmoja, aje mstarini siku ya Ijumaa, asikie kwa masikio yake uzuri wa mtoto wake."

Wanafunzi wakaguna. Mzazi aitwe kwa uzuri? Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea.

Lakini Ijumaa ya kwanza baba mmoja fundi seremala aliitwa, mwanawe akasifiwa kwa kumfundisha mwenzake kusoma, na baba yule akapangusa macho mbele za watu bila aibu. Weee! Kuanzia Jumatatu shule ikageuka. Karatasi moja ikianguka, watoto watano waliirukia. Shikamoo zikawa nyingi mpaka walimu wakachoka kuitikia. Darasani palikuwa kimya hata mwalimu asipokuwepo.

Yasinta naye aliingia mbioni kwa nguvu zote. Alimnyang'anya mtoto wa darasa la kwanza fagio ili amsaidie, mtoto akaangua kilio. Alimwagilia miche ya shule saa saba mchana, jua la Dodoma likichoma kweli kweli, na maji yote yakakauka kabla hayajafika mizizini. Kila alipofanya kitu alipaza sauti, "Ruthu, umeona?" Ruthu alimtazama, akafunga daftari, akaenda zake.

Usimcheke sana. Moyoni alitaka jambo moja tu: mama yake aitwe shuleni kwa jema, walau mara moja, kabla yeye hajamaliza darasa la saba.

Sasa, shule ile ilipata maji kwa mgao. Yalitoka Alhamisi tu, na tangi likijazwa siku hiyo lilitakiwa litoshe wiki nzima. Lakini koki yake ilikuwa imelegea. Ilidondosha maji mchana na usiku, na ikifika Jumatatu tangi lilikuwa tupu. Bila maji hapakuwa na uji, na watoto wa darasa la awali walirudi nyumbani saa nne na njaa zao.

Jumatatu moja Yasinta aliwahi sana shuleni. Njiani alikuwa amekanyaga oili ya gari, na viatu vyake vilitia aibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi aoshe viatu, ingawa alijua vizuri kwamba maji yale yalikuwa ya kunywa na kupikia, na kuyachezea ni kosa. Akakuta koki imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa na kukazwa barabara. Halikudondoka hata tone. Yasinta akaufungua, akaosha kiatu cha kwanza, akaosha cha pili. Mara akasikia hatua. Haraka haraka akaurudisha mpira na kuukaza.

Alikuwa Ruthu. Aligonga tangi kwa kiganja, akasikia bado lina maji, akautazama mpira, akamtazama Yasinta aliyechuchumaa pale, mikono imelowa.

"Kumbe ni wewe uliyefunga koki?" Ruthu aliuliza, macho yamemtoka.

Yasinta alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani maneno yalikwama. Kisha akasema, "Si unaona mwenyewe?"

Ruthu akaona. Akafungua daftari na kuandika.

Siku hiyo uji ulipikwa. Watoto wa awali walikunywa, wakaomba tena. Jumatano Yasinta alikabidhiwa barua ampelekee mama yake.

Mama yake aliipokea kwa ncha za vidole. "Mungu wangu. Umefanya nini tena, Yasinta?"

"Soma tu, mama."

Mama akasoma polepole, akifuatisha kwa kidole. Alipofika mwisho akaanza upya. Halafu akakaa chini, akaifunika barua kwa viganja viwili. "Asante, Mungu," alisema. "Asante. Mimi naitwa shuleni kwa ajili ya jema!" Akamvuta bintiye na kumkumbatia hadi pumzi ikambana. Jioni hiyo aliazima pasi ya mkaa kwa jirani, akanyoosha kitenge chake cha sikukuu, na nyumba tatu za jirani zote zikaisikia habari ile.

Yasinta hakula vizuri. Alijiambia kwamba mpira ulikuwepo, tangi lilikuwa na maji, uji ulipikwa. Basi kuna ubaya gani?

Alhamisi baada ya masomo mama alimtuma apeleke gurudumu la toroli la mboga likazibwe pancha. Alikwenda kwa Fundi Gideoni, pale Kizota, mahali penye rundo la tyubu kuukuu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sare naijua. Unasoma na Anjelina wangu?" Alionyesha kwa kidevu. Msichana mdogo wa darasa la nne alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua tyubu kwa msasa. "Hebu niambie, ule mpira wangu umeshika? Huyu alinisumbua wiki nzima. 'Baba, nikatie mpira. Baba, watoto wa awali wanarudi na njaa.' Nikamkatia mrefu, tena ule mzuri. Jumamosi alikwenda kumwagilia miche, akafunga mwenyewe."

Uso wa Yasinta ukawaka moto. Alijibu kwa shida, "Umeshika, fundi. Umeshika sana."

Gurudumu lilipokuwa tayari, Anjelina alimsindikiza hadi barabarani. Yasinta hakuweza kumtazama.

"Anjelina, unajua kwamba nimeandikwa mimi?"

"Najua, dada. Shule nzima inajua."

"Mbona hujasema?"

Anjelina aliinua mabega. "Uji si umepikwa? Halafu nilimsikia mama yako sokoni, alikuwa anaimba. Niliona nikisema, ataacha kuimba."

Yasinta alisukuma gurudumu lake hadi nyumbani. Alikuwa ameshukuriwa na watu wengi wiki ile, naye hakuwa amemshukuru mtu hata mmoja.

Ijumaa ikafika. Mama Yasinta alisimama mbele pamoja na walimu, kitenge kimenyooka, uso unang'aa. Mwalimu Ulimboka alisoma: "Kwa kufunga koki ya tangi, na kuwapatia wenzake uji wiki nzima: Yasinta, darasa la sita!" Makofi yakapigwa mpaka ndege wakaruka kutoka paani. Yasinta akaenda mbele. Alimtazama mama yake, na mama akamtikisia kichwa kwa furaha. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote.

"Mwalimu," alisema, "si mimi."

Makofi yakafa.

"Sikufunga koki. Mimi niliifungua. Niliosha viatu kwa maji ya uji. Ruthu alinikuta naufunga ule mpira, akadhani ni mimi, nikaacha adhani hivyo." Aligeuka akawatazama wa darasa la nne. "Aliyefunga ni Anjelina wa darasa la nne. Aliomba mpira kwa baba yake. Alijua nimeandikwa mimi na hakunisema, kwa sababu hakutaka mama yangu ahuzunike. Mama, nisamehe. Anjelina, asante. Asante kwa uji, na asante kwa mama yangu."

Mama Yasinta alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, na hapakuwa na mtu aliyejua kama analia au la.

Mwalimu Ulimboka alimwita Anjelina, akamsimamisha upande mmoja na Yasinta upande wa pili. "Makofi kwa Anjelina," alisema, na safari hii hata wapishi walitoka jikoni wakipiga vifuniko vya sufuria. Barua ikaahidiwa kwa Fundi Gideoni kwa Ijumaa inayofuata.

Kisha akasema, "Yasinta, kwa kuosha viatu kwa maji ya uji, utasomba maji ya jikoni wiki mbili. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

"Na kosa jingine ni langu. Niliwafundisha kufanya mema ili muonekane, na mkawa mnamtafuta Ruthu kuliko mnavyotafuta wa kumsaidia. Tutabadilisha. Kuanzia leo daftari hili si la viranja. Litakaa mezani kwangu, mlango wazi. Mtu akikutendea wema, uje wewe uliyetendewa uandike kwamba unamshukuru. Jema la kweli lina mtu aliyefaidika nalo. Huyo ndiye shahidi. Lisipomfaa mtu yeyote, hayo ni maonyesho tu."

Mtoto wa awali akainua mkono na kuuliza kama ambaye hajui kuandika anaweza kuchora. Mwalimu akasema anaweza. Kabla ya saa nne ukurasa mzima ulikuwa umejaa vikombe vya uji, vyote vya Anjelina.

Mstari ulipovunjika, Mama Yasinta alimwendea Anjelina kwanza. Akainama, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kama anavyoshukuriwa mtu mzima. Kisha akamgeukia bintiye. Yasinta alikuwa ameinamisha kichwa akingoja kugombezwa.

"Niangalie," mama alisema. "Uliniumiza, siwezi kukuficha. Lakini mtoto anayeweza kuacha sifa ya uongo mbele ya umati huu, na mama yake anamtazama, huyo naweza kumtuma popote na nikamwamini. Ukweli umekugharimu leo, ndiyo maana nauamini. Sasa nenda darasani."

Sokoni wenzake walikuwa wanamsubiri, mafungu ya mchicha hata hawakuyauza. "Haya, tuambie! Umeitiwa nini?"

Mama Yasinta alikaa, akapanga kitenge chake vizuri magotini, akawatazama wote usoni mmoja baada ya mwingine.

"Nimeitwa," alisema, "kumsikia mwanangu akisema kweli."