Taa za Chumba cha Michoro

Doreen, nesi mwenzangu hapa New York, si mtu wa kuzua mambo. Siku moja alitoka zamu yuko hoi, miguu imevimba, akapitia jumba la sanaa za Austria na Ujerumani kuchukua miwani ambayo mama yake aliisahau kwenye benchi, ghorofa ya juu.

"Chumba kina giza, mwanga unaharibu michoro," mlinzi alimwambia. "Kila mchoro una taa yake. Ukiusogelea, inawaka. Ukitulia bila kutikisika, inakuhesabu maiti, inazimika."

"Leo haitakosea sana, kaka."

Humo hamkuwa na mtu. Aliiona miwani, akajitupa kwenye benchi apumzishe miguu. Taa iliyo mbele yake ikawaka.

Kisha sakafu ya mbao ikalia kule kwenye kona, na taa ya huko ikawaka. Ikawaka iliyofuata, ya kwanza ikazimika. Mbao zikalia tena, karibu zaidi. Ikawaka taa ya mchoro wa jirani, na hapo hapakuwa na mtu.

Doreen akabana pumzi, hata kope hakupepesa. Taa yake ikazimika.

Ile ya jirani haikuzimika.